Diwani Aliyeng'oa Nyasi

Sogea karibu kidogo, wewe unayenisikiliza, maana mtu ninayetaka kukueleza habari zake hafai kutazamwa kwa mbali. Ukimtazama kwa mbali utamwona kama nilivyomwona mimi kwa miaka mingi: mwanasiasa kama wengine, mwenye ahadi nyingi na haya kidogo. Sikumpenda. Nakuambia mapema usije ukadhani nimetumwa na jamaa zake kumpamba. Hata leo ukiniuliza kama ningempa kura yangu, nitakujibu hapana, na usiku nitalala vizuri. Lakini alifanya jambo moja ambalo sijaona likifanywa na wale niliowapenda na kuwapigia kura, na hilo ndilo linalonisumbua.

Nitamwita Diwani, kwa kuwa hivyo ndivyo tulivyomwita kwenye ploti. Mbele yake tulisema Mheshimiwa. Alizaliwa wapi na babu zake walikuwa nani, waulize watu wa kwao, watakueleza mpaka jioni. Mimi nilimfahamu kwa sababu ya njia.

Njia yenyewe ilikuwa ya miguu. Tulifika Kitengela katikati ya miaka ya tisini, mume wangu akifanya kazi kwenye kiwanda cha saruji upande wa Athi River, mimi nikiwa mwalimu wa shule ya msingi. Kwetu ni magharibi. Tulikuwa tumechoka kupanga, na Diwani alikuwa akikata shamba lake vipande na kuuza. Alitukunjulia ramani juu ya boneti ya pikapu yake, akatuonyesha kwa kidole barabara ya mita tisa iliyonyooka kutoka kwenye ploti hadi lami. Tulinunua. Tulipokuja na mabati na mbao za kujengea, tukakuta kichochoro kati ya nyua mbili za miiba, upana wake ukitosha mkokoteni wa punda na mtu mmoja mwembamba pembeni.

"Mheshimiwa, barabara iko wapi?" mume wangu alimwuliza.

"Barabara iko kwa ramani," alijibu bila kupepesa macho. "Kwa udongo bado inakuja."

Sasa elewa jinsi tulivyokaa. Upande huu wa kichochoro kulikuwa na nyumba zetu. Upande wa pili kulikuwa na shule, kisima cha kuchimbwa kwa mashine, na lami ya kwenda Namanga. Katikati kulikuwa na ardhi ya Diwani. Ungeweza kuzunguka kwa kupitia korongoni, lakini mvua ikinyesha ule udongo mweusi hushika kiatu ukaenda nacho nyumbani kikiwa kizito kama tofali, na korongo lenyewe hujaa maji. Kwa hiyo maji ya kunywa, masomo ya watoto na mkate wa kila siku vilipita kwenye ile njia yake. Hakuwahi kuifunga, wala hakuwahi kusema ni yetu. Kila mwaka wa uchaguzi alikuja akasimama mdomoni mwa njia, akaigusa miiba kwa rungu lake, akasema, "Hii njia yenu iko sawa?" Nasi tulijua tumeulizwa nini.

Alivaa koti la kijivu na tai, mvua au jua, na miguuni akavaa akala za tairi. Rungu alilibana kwapani kama karani anavyobana faili. Pikapu yake aliiegesha siku zote ikitazama ilikotoka. Nilimwuliza siku moja kwa nini, akaniambia, "Mwanasiasa mwenye anageuza gari wakati watu wamekasirika, huyo si mwanasiasa, ni marehemu." Alicheka mwenyewe kwa sauti kubwa. Alipenda mizaha yake kuliko tulivyoipenda sisi.

Methali za watu alizichukua akaziongezea mkia. "Mgeni siku mbili," alikuwa akisema kwenye baraza, "ya tatu mpe jembe, ya nne mwuzie ploti, ya tano mwombe kura." Sisi wageni wenyewe tulikuwa tumeketi pale mbele kwenye nyasi, na wengine tukicheka. Neno lake lingine lilikuwa "tutaangalia." Ukimwambia paa la darasa linavuja, tutaangalia. Ukimwambia jamaa ya mkewe amejenga kioski kwenye kona ya uwanja wa shule, tutaangalia. Nilifundisha darasa la pili miaka mingi, na nakwambia hata watoto wa umri ule walijua maana ya neno hilo. Walilitumia wakiombana peremende.

Kuna adabu moja ya kwao aliyoishika kwa nguvu. Kwa Wamaasai mtoto humwinamia mkubwa, na mkubwa humgusa kichwani kwa kiganja, ndiyo salamu. Diwani hakujali mtoto ni wa kabila gani. Akikutana na watoto wangu wa shule njiani aliwasubiri wapange mstari, akawagusa vichwa mmoja mmoja, Waluhya, Wakikuyu, Wakamba, Wajaluo, wala hakuruka hata mmoja. Nami, kwa kuwa umri wangu ulikuwa kama wa binti zake, alitegemea niiname vilevile. Sikuinama. Nilinyoosha mkono, mkakamavu kama askari. Akautazama mkono, akautikisa, akasema, "Takwenya, mwalimu." Nikaitika, "Iko." Kisha lazima aulize, "Ng'ombe hawajambo?"

"Mheshimiwa, mimi sina ng'ombe. Nina kuku wawili."

"Kuku hawajambo?"

Aliuliza hivyo kila tulipokutana, kwa miaka yote, na hakuwahi kusahau kuku zangu ni wawili. Mtu wa namna hiyo ni vigumu kumchukia moja kwa moja, nami nilikuwa nimekusudia kumchukia moja kwa moja.

Ule ukame ulipokuja, mwaka wa elfu mbili, ng'ombe wakafa wamelala kando ya lami na kile kisima kikatoa matope. Diwani alikuwa na kisima chake mwenyewe, kirefu zaidi. Akakifungua kwa watu wa ploti, bure. Ila kwanza ilibidi usikilize. Tulipanga mitungi, naye akapanda juu ya tangi akahutubia, na mfereji haukufunguliwa mpaka amalize. Mama Shiro, jirani yangu muuza mboga kutoka Mkoa wa Kati, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwahi kulala njaa, alipiga kelele kutoka nyuma: "Mheshimiwa, fungua maji kwanza, hotuba tutateka baadaye!" Watu walianguka kwa kicheko. Diwani naye alicheka, akaendelea kuhutubia.

Na mtoto wa fundi mmoja wa ploti alipoumwa na nyoka, ni yeye aliyempakia kwenye pikapu akampeleka hospitali ya Kajiado, mvua ikimwagika, gari likiteleza kama sabuni. Mtoto alipona. Wiki iliyofuata mama wa mtoto alisimamishwa kwenye baraza aeleze yote, na alipofupisha, Diwani akamwambia, "Rudia pale pa matope." Hivyo ndivyo alivyokuwa. Wema alikuwa nao, sisemi hakuwa nao, lakini sikuwahi kumwona akifanya wema usio na shahidi. Kila jambo jema lilirudi kwetu kama mtu anayedai. Shika hilo, maana nitalirudia.

Ikaja kura ya maoni ya mwaka 2005. Wewe kama ulikuwa mdogo, nikukumbushe: tuliulizwa kama tunaikubali katiba mpya iliyoandikwa. Aliyekubali aliweka alama kwenye ndizi, aliyekataa kwenye chungwa. Nchi ikagawanyika kama matunda sokoni. Mimi niliisoma ile rasimu jioni baada ya kusahihisha madaftari, nikaona inamwachia rais mamlaka mengi mno, nikaamua ni chungwa. Mama Shiro alikuwa ndizi. Tuliendelea kuombana chumvi.

Diwani alikuwa ndizi kuliko ndizi yenyewe. Wakubwa wake walimwahidi lami, au walimtisha, sijui. Alitembea na ndizi mbivu kwenye mfuko wa koti, na kufikia saa nane za mchana koti lilikuwa na doa. Siku chache kabla ya kura aliitisha mkutano kwenye uwanja wa shule yetu. Alituona sisi wa ploti hatupigi makofi. Akatabasamu, akasema:

"Nyinyi watu ya ploti, nawapenda. Lakini mkipiga chungwa, hiyo njia mtapitia hewani, kama ndege."

"Na sisi wa ndizi?" Mama Shiro alimwuliza. "Tuko na mabawa pia, ama tutapita chini tukiwaangalia?"

"Mama, wewe utapita chini, ukiwabebea mizigo."

Uwanja ukacheka. Ndivyo alivyozoea: anarusha tisho likiwa limevaa kofia ya mzaha, ili kesho akitaka liwe tisho, na asipotaka liwe mzaha. Lakini mimi nilikuwa nimesimama pembeni na watoto, nikawaona vijana wa kwao waliosimama nyuma ya pikapu, na marungu yao. Hao hawakucheka. Walilichukua lile neno jinsi lilivyotoka.

Chungwa likashinda. Likashinda kituoni kwetu, na likashinda nchini. Asubuhi shule zilipofunguliwa tena, watoto wa ploti walikusanyika langoni kwangu kama kawaida, kwa kuwa nilikuwa nikiwavusha njia kwa sababu ya mbwa na punda. Pamoja nami alikuwa Mwalimu Nasieku, aliyefundisha darasa la nne. Ni Mmaasai wa upande wa Oltepesi, kwenye barabara ya Magadi, lakini alipanga chumba kwenye ploti yetu. Tulipokaribia njia tukasikia nyimbo.

Watu wetu walikuwa wamejaa mdomoni mwa njia, wengi wao vijana, wakiwa na machungwa mikononi. Walikuwa wakila na kurusha maganda juu ya ua wa Diwani, ndani ya boma lake. Na mbele yao njia ilikuwa imezibwa. Matawi ya miiba, yale wanayozibia zizi ng'ombe wakilala, yalikuwa yamerundikwa kimo cha kifua. Nyuma ya miiba walisimama wale vijana wa kwao, wengi kuliko siku ile ya mkutano, na aliyekuwa mbele ni mtoto mkubwa wa Diwani. Wetu walikuwa wameanza kuinama kuokota mawe. Nilikuwa na watoto wadogo nyuma yangu, mmoja ameshika sketi yangu, akiniuliza kama leo hakuna shule.

Hapo Diwani akatoka kwenye lango lake la pembeni. Hakuwa na tai. Alivaa lile koti juu ya shuka, kama mtu aliyeamshwa. Akapita kati ya watu wetu na ile miiba, akasimama akiwaelekea vijana wake, mgongo wake ukiwa kwetu. Tulisubiri aseme. Mtu aliyehutubia juu ya tangi la maji wakati watu wana kiu, leo hakusema kitu. Akainama, kwa taabu, maana magoti yake hayakuwa ya kijana, akang'oa nyasi pembeni mwa njia, akainuka, akazinyanyua juu mkononi.

Kicheko kililipuka kama bati linalong'olewa na upepo.

"Amekosa ndizi, sasa anakula nyasi!"

"Mleteeni chumvi!"

"Mheshimiwa, tafuna pole pole, utapata ya kucheua!"

Kijana mmoja wa kwetu aliyeitwa Kevo, mtoto wa watu wazuri kabisa, alirusha ganda la chungwa likamgonga Diwani mgongoni, likashikilia kwenye koti kisha likaanguka. Hakugeuka. Mkono ulibaki juu.

Nasieku alinishika mkono kwa nguvu hata nikaona alama baadaye. "Waambie wanyamaze," alisema. "Mwalimu, waambie wanyamaze!"

"Kuna nini?"

"Ameng'oa nyasi."

Sikuelewa, lakini nilipaza sauti ya darasani, na wachache wa karibu wakageuka. Wengine hawakunisikia. Nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba ng'ambo ya miiba hakuna aliyecheka. Wale vijana walikuwa wakizitazama nyasi kama mtu anavyotazama kitu kilichoanguka kutoka mbinguni. Rungu la kwanza likashuka. La pili. Yule mwanawe alibaki amesimama muda mrefu kuliko wote, uso umekaza, nikadhani atalia au atapiga. Kisha akainama, akashika tawi la miiba kwa mikono mitupu, akalivuta pembeni. Wenzake wakafuata.

Diwani alizilaza zile nyasi chini, taratibu, kama unavyomlaza mtoto. Akarudi langoni kwake bila kututazama. Watu wetu wakamiminika njiani wakiimba, wakiwa na hakika kwamba ni ushujaa wao uliofungua njia. Nikawavusha watoto.

Nasieku alinieleza tukitembea. Nami nakueleza wewe hivyohivyo. Nyasi ndizo zinazomlisha ng'ombe, na ng'ombe ndiye anayemlisha mtu, kwa hiyo nyasi si kitu cha kuchezea. Mtu akizishika mkononi mbele ya anayetaka kumpiga, anaomba amani, na fimbo lazima ishuke, hata kama amekukosea namna gani. "Ukimpiga aliyeshika nyasi," alisema, "hiyo laana haikuachi." Kisha akaongeza kitu ambacho kimenikaa mpaka leo. "Lakini mwalimu, mtoto ndiye huwa anamng'olea mzee. Mimi sijawahi kuona mzee akiwang'olea vijana. Tena mbele ya mtoto wake. Tena watu wakimcheka."

"Aliomba nini?"

"Nyinyi," alisema. "Aliomba nyinyi."

Nilijaribu kuwaeleza watu wa ploti. Nilianza na Mama Shiro, nikijua akiamini yeye, soko zima litaamini. Alinisikiliza huku akifunga mafungu ya sukuma wiki, akasema, "Basi si angesema!" Wengine walisema wazi kuwa mimi ni mwalimu na walimu husoma sana mpaka wanaona vitu. "Huyo? Huyo afanye kitu kizuri na asiite baraza?" Hilo lilikuwa swali langu pia. Niliisubiri baraza. Nilisubiri asimame juu ya tangi aseme, "Nyinyi watu ya ploti, mnakumbuka nani aliwaokoa?" Wiki ikapita, mwezi, mwaka. Hakuitisha. Tulipokutana njiani aliniuliza kuku hawajambo.

Mzaha haukuisha. Uchaguzi wa 2007 ulipofika, mpinzani wake hakuwa na haja ya sera. Vijana wa kwetu walikuja mikutanoni na vitita vya nyasi wakavipunga, wakiimba wimbo walioutunga kuhusu diwani anayekula nyasi pamoja na mbuzi wake. Na kwao, Nasieku aliniambia, wapo waliosema kwa sauti ya chini kwamba mzee aliyewaomba vijana hawezi tena kuwaamuru. Alipoteza kura za huku kwa sababu hatukuelewa alichokifanya, na za kule kwa sababu walikielewa. Alishindwa vibaya. Mimi nilimpigia mpinzani wake. Nilikuwa na sababu zangu, paa la darasa lilikuwa bado linavuja.

Siku chache baadaye, mwanzoni mwa 2008, nchi ilipochafuka, majirani wakafungiana barabara sehemu nyingi. Njia yetu haikufungwa. Siwezi kukuambia ni kwa sababu ya zile nyasi. Labda ni bahati tu. Lakini kila asubuhi ya siku zile nilipita pale na watoto, nikatazama mahali alipozilaza.

Mara ya mwisho nilimwona Kajiado mjini, mwaka mmoja au miwili baada ya hapo. Nilikuwa nimekwenda kwenye ofisi ya ardhi kwa habari ya hati yetu. Nje kulikuwa na benchi refu, na kwenye benchi, katikati ya watu waliokuwa wakisubiri kuitwa, alikuwa ameketi yeye. Koti lilelile, rungu kwapani, akala zilezile. Hakuwa na pikapu, wala mtu wa kumshikia nafasi. Nikanyoosha mkono kama zamani.

"Takwenya, mwalimu. Ng'ombe hawajambo?"

"Iko. Kuku ni wanane sasa, Mheshimiwa."

"Umekuwa tajiri," alisema, akasogea nipate kuketi.

Kabla sijatulia, Kevo akapita. Alikuwa sasa broka, dalali wa ploti, na viatu vyenye ncha kali na simu mbili. Alimwona Diwani, akasimama, akaonyesha nyasi za kando ya ukuta wa ofisi. "Mheshimiwa! Lunch ndio hiyo, mbona unakaa njaa?" Benchi lote likacheka, hata waliokuwa hawaijui habari yenyewe. Diwani naye akacheka, kile kicheko chake kikubwa, akampungia mkono, "Wewe kula kwanza, kijana, mimi nimeshiba!" Kevo akaenda zake akiwa amefurahi.

Lakini sasa mimi sikuwa nyuma yake. Nilikuwa nimeketi ubavuni, nikiuona uso. Kicheko kilipokwisha mdomoni, uso ulishuka wote mara moja, kama hema lililong'olewa mti wa kati. Vidole vilikuwa vimelikaba rungu hadi vikageuka rangi. Nikafikiri: huu ndio uso waliouona wale vijana ng'ambo ya miiba.

"Mheshimiwa," nikasema, "kwa nini hukuwaambia watu?"

Hakuuliza ninazungumzia nini. Alitazama mbele. "Ningewaambia nini, mwalimu? Eti nimewaombea kwa vijana? Na hao vijana nani aliwaambia wafunge njia? Ni mdomo hii." Aligusa midomo yake kwa kidole. "Mimi nilisema mkipiga chungwa mtapita hewani. Nilikuwa nachezea nyinyi. Wao walishika vile nilisema. Sasa nisimame kwa baraza nijisifu nimezima moto, na kiberiti iko kwa mfuko yangu?"

Nilitaka kumwambia neno jema, nikaona kila neno jema nililo nalo ni dogo au limechelewa.

"Na usidhani nilifanya kwa sababu niliwapenda," aliendelea, sauti ikirudi kidogo kwenye ule mzaha wake. "Kura ilikuwa pande zote mbili ya hiyo miiba. Zikiuana, nani atanipigia?"

"Hawakukupigia."

"Hawakunipigia," alikubali. "Wewe ulinipigia?"

"Hapana."

Alinitazama, kisha akacheka, na hiki kilikuwa kicheko kidogo ambacho sikuwahi kukisikia mikutanoni. "Mwalimu, wewe ni mtu mbaya lakini hudanganyi."

Karani akaliita jina lake. Nilimwuliza amekuja kwa jambo gani. Akaniambia wanawe wanagawana shamba, na broka, akaashiria kwa kidevu alikokwenda Kevo, ameshaleta mnunuzi anayetaka kipande chote pamoja na njia. Alitaka njia ikatwe kando iandikwe barabara ya umma kabla hajafa, ili asije mtu akaizungushia ukuta.

"Mita tisa?" nikamwuliza.

"Sita."

"Mheshimiwa! Ramani ilisema tisa."

"Hiyo ramani ilikuwa ya kuuza," alisema, akainuka kwa kuegemea rungu. "Hii ni ya ukweli." Akapiga hatua mbili, akageuka. "Mita tatu ingine, tutaangalia."

Wapima walikuja kabla ya mvua ndefu, wakachimbia mawe yao ya mipaka. Sita, kama alivyosema. Zile tatu bado wanazo watoto wake, na bado nina uchungu nazo.

Ukija Kitengela, muulize yeyote akuonyeshe barabara ya ploti zetu. Ni fupi, utaimaliza upesi. Na mahali popote ukimkuta mzee ameinama akang'oa nyasi, naye amekupa mgongo, usicheke. Nyamazisha watoto, zunguka upande wa pili, umtazame usoni.